Kinyama Kidogo Ndani ya Utumbo

Mtu wa makamo akiona damu katika choo chake, mara nyingi hamwambii mtu. Ni jambo la aibu, na tena halina maumivu, kwa hiyo husema moyoni mwake kwamba litapita. Akimwambia mtu hupata majibu mengi kuliko aliyoyataka: huyu asema ni bawasiri, yule asema ni mchango, mwingine asema ni kuhara damu au kichocho cha tumbo. Na mara nyingi mmoja wao huwa amesema kweli, maana maradhi hayo si mageni katika nchi yetu ya kusini, tangu Masasi na Lulindi mpaka juu Newala. Lakini liko jibu moja ambalo halitajwi barazani, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa haba sana katika siku za babu zetu. Jibu hilo ni saratani ya utumbo mpana. Siku hizi si haba tena kama zamani, na wengi wanaoupata hufika hospitali wakati ambapo daktari hana la kufanya ila kuwapunguzia maumivu.

Jambo hili lasikitisha zaidi kwa sababu ugonjwa huu, kuliko karibu saratani zote nyingine, hutoa nafasi ya kuuzuia. Hauji kama mwizi wa usiku. Huanza na kinyama kidogo kisicho na ubaya, nacho hukaa mahali pake miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyojulikana, maana halikujulikana kwa siku moja, wala halikukubaliwa bila mabishano.

Kwanza natutazame utumbo wenyewe. Kila aliyepata kuchinja mbuzi na kusafisha matumbo yake ajua kwamba matumbo ni ya namna mbili, membamba na mapana. Utumbo mpana wa mtu una urefu wa mita moja na nusu hivi, nao huzunguka tumbo kama fremu ya picha, kisha hushuka mpaka njia ya haja kubwa. Kwa ndani umetandikwa ngozi laini yenye unyevu. Ukiitazama kwa macho, ngozi hiyo ni nyororo. Ukiitazama kwa hadubini, yaani ile darubini ya kukuzia vitu vidogo, waona kwamba imejaa vishimo, maelfu kwa maelfu, kama ardhi ya mchanga iliyotobolewa kwa ncha ya kijiti.

Vishimo hivyo ndivyo kiini cha habari yetu. Ngozi ya utumbo hupitiwa na uchafu mchana na usiku, kwa hiyo huchakaa upesi, nayo hujifanya upya kila baada ya siku nne au tano. Chini kabisa ya kila kishimo chembe hai hugawanyika, moja huwa mbili, na mbili huwa nne. Chembe mpya hupanda ukutani mwa kishimo, na zikipanda huacha kugawanyika na kushika kazi zake, nyingine kutoa ute, nyingine kunyonya maji. Zikifika juu huchoka, hukatika na kutoka pamoja na choo. Basi ziingiazo na zitokazo ni sawa sawa, na ngozi haizidi wala haipungui.

Pengine hesabu hiyo huharibika. Chembe moja hupata kasoro, ikawa haitii tena amri ya kuacha kugawanyika. Yapanda juu ya kishimo huku ikiendelea kuzaa, na watoto wake huirithi tabia hiyo. Ziingiazo zikawa nyingi kuliko zitokazo, na mahali pale ngozi huinuka. Mwanzo ni kijipele tu kisichoonekana kwa macho. Baada ya miaka ni kinyama chenye umbo la uyoga, kichwa juu na kikonyo chini, au pengine kimelala bapa kama kipande cha zulia. Madaktari wa leo hukiita polipu, lakini sisi tutakiita kinyama, maana ndivyo kilivyo.

Lakini si kila kinyama ni kimoja, na hapa hata daktari hodari hawezi kusema kwa macho tu. Mayai ya kichocho cha tumbo huweza kuinua vinyama ambavyo ni kovu la ugonjwa wala si mbegu ya saratani. Watoto wadogo pia hupata kinyama, mara nyingi kimoja tu, ambacho hutoa damu na kumtisha mama, na baadaye hukatika chenyewe bila madhara. Kile kinachotuhusu leo ni kinyama cha namna ile tuliyoieleza, kilichoota kwa chembe zisizoacha kugawanyika, nacho ni cha watu wazima hasa. Kukipambanua na vingine ni kazi ya mtu ambaye mgonjwa hamwoni kamwe, yaani mtaalamu wa patholojia.

Kazi ya mtu huyu ni kusoma nyama. Kipande kilichokatwa na mpasuaji hutiwa katika dawa ya formalini kisije kikaoza, kisha hukaushwa na kujazwa nta mpaka kiwe kigumu kama mshumaa. Halafu hukatwa kwa wembe wa mashine vipande vyembamba mno, unene wake ni sehemu nne au tano tu za elfu moja za milimita. Kipande hicho hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili. Moja ni ya zambarau, na asili yake ni mti uotao Meksiko na nchi za jirani yake. Nyingine ni nyekundu hafifu. Viini vya chembe hushika zambarau, na sehemu nyingine hushika nyekundu. Hapo mtaalamu hutazama kama chembe zimejipanga kwa heshima kama safu za watoto wa shule, au zimesongamana ovyo, na kama zingali juu ya ngozi au zimekwisha kuvunja sakafu na kuingia chini. Kuvunja sakafu ndiyo alama yenyewe. Kinyama ambacho chembe zake zimekaa juu ya sakafu si saratani, hata kikiwa kikubwa; kilichovunja sakafu ni saratani, hata kikiwa kidogo.

Katika mwaka wa 1935 Daktari Leader Stirling alifika Lulindi, akafanya kazi ya upasuaji katika hospitali ya misheni kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Mnero. Ndiye huyo huyo aliyekuwa baadaye Waziri wa Afya wa Tanzania, tangu 1975 hata 1980. Mpasuaji wa kijijini katika siku zile aliweza kukata, kushona na kuponya, lakini hakuwa na mtaalamu wa patholojia mlango wa pili wa kumsomea alichokikata. Na katika miaka ile ile, mjini London, mtaalamu mmoja alikuwa akisoma vipande vya utumbo kila siku, wala hakuwa na kazi nyingine. Jina lake ni Cuthbert Dukes. Alianza kazi katika hospitali ya St Mark's, ambayo ni ya maradhi ya utumbo, mwaka 1922.

Dukes alikuwa mtu wa kuweka daftari. Kila utumbo uliotolewa na wapasuaji alichora picha yake, akaonyesha saratani imekaa wapi na kila kinyama kimekaa wapi. Upesi akaona jambo: utumbo wenye saratani mara nyingi ulikuwa na vinyama pia, karibu nayo au mbali kidogo. Katika mwaka wa 1926 akaandika habari ya vinyama hivi na ujamaa wake na saratani. Mwaka 1932 akatoa mpango wake wa kupima saratani ya mwisho wa utumbo kwa herufi tatu: A kama ingali ndani ya ukuta wa utumbo, B kama imetoboa ukuta, C kama imefika kwenye tezi. Mpango huo ulitumika duniani kote kwa miaka mingi, na hata sasa wako madaktari wanaoutaja, ijapokuwa umekuja mwingine ulio mpana zaidi.

Mwenzake Dukes katika kazi hii alikuwa mpasuaji wa hospitali ile ile, J. P. Lockhart-Mummery. Yeye ndiye aliyeona kwamba kuna koo ambazo vinyama hivi huota kwa mamia, hata maelfu, katika utumbo wa kijana mmoja. Mwaka 1924 daftari la koo hizo likafunguliwa, na mwaka 1925 akaandika habari za koo tatu. Msaidizi wa maabara aitwaye Bussey akalitunza daftari hilo kwa miaka mingi sana, akiandika nani mwana wa nani, nani ameugua, nani amekufa na kwa umri gani. Mwaka 1975 akatoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Habari ya daftari ilikuwa wazi na ya kuogofya. Mtu wa koo hizo huanza kuota vinyama katika ujana, na asipotibiwa, karibu kila mmoja hupata saratani, mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 40 au baada yake kidogo. Kati ya kuonekana kwa vinyama na kuja kwa saratani hupita miaka kama kumi.

Hapa tunaomba wasomaji wa Masasi na Newala wasikilize kwa makini. Kati ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu wengi tangu zamani huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukimwuliza mtu habari za jamaa zake, atakutajia mama, bibi na wajomba. Ugonjwa huu haufuati desturi hiyo. Hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Basi daktari akiuliza kama yuko mtu katika ukoo aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo akingali kijana, yafaa kukumbuka na shangazi na baba wadogo, wala si wajomba peke yao.

Turudi kwenye hoja yetu. Koo zile zilikuwa chache sana, na mtu mwenye akili angeweza kusema hivi: labda katika koo hizo vinyama hugeuka saratani, lakini ni nani asemaye kwamba kinyama kimoja cha mzee wa kawaida hugeuka vilevile? Na wako waliosema. Mwaka 1962 Benjamin Castleman wa Boston, Marekani, mtaalamu wa patholojia mwenye sifa kubwa, aliandika pamoja na mwenzake wakiuliza swali hilo waziwazi, nao wakakana kwamba vinyama vya kawaida ndiyo asili ya saratani. Kwao saratani ilikuwa saratani tangu siku ya kwanza, na kinyama kilikuwa kinyama mpaka mwisho. Mabishano hayo hayakuwa mchezo wa wasomi. Kama Castleman alisema kweli, kumkata mtu kinyama ni kumsumbua bure. Kama hakusema kweli, kumwachia ni kumwachia kifo.

Shida ya kuamua ilikuwa hii. Kinyama hakiwezi kuangaliwa huku kikikua. Ukikikata ili ukisome kwa hadubini, umekwisha kukimaliza. Usipokikata, hujui ndani yake mna nini. Mtaalamu yu kama mgeni aliyepewa siku moja tu kukaa kijijini na kuambiwa aeleze jinsi watu wanavyokua. Hawezi kumngoja mtoto mmoja mpaka awe mzee. Lakini akizunguka nyumba zote atawaona watoto wachanga, watoto wa shule, vijana, watu wazima na wazee, na akiwapanga kwa kimo na mvi atajua njia yote, ijapokuwa hakumwona hata mmoja akiipita.

Aliyefanya hivyo ni Basil Morson, aliyeshika kazi ya patholojia pale St Mark's mwaka 1956, baada ya Dukes. Alikuwa na hazina ambayo hapana mwingine duniani aliyekuwa nayo, yaani vioo na madaftari ya miaka zaidi ya thelathini. Akavitoa vyote. Akaona vinyama vyenye chembe zilizotulia, vingine vyenye chembe zilizoanza kusongamana, vingine ambavyo pembe moja tu ndogo imevunja sakafu, na vingine vilivyoliwa nusu. Tena akatazama saratani zenyewe. Zile changa, zisizoingia mbali, mara nyingi zilikuwa na mabaki ya kinyama ukingoni mwake, kama kuta za nyumba ya zamani zinavyobaki kando ya nyumba mpya; zile zilizokomaa mabaki hayo yalikuwa yamekwisha kumezwa. Mwaka 1974 akaandika kwamba njia ni moja, toka kinyama hata saratani.

Mwaka uliofuata, yeye na Bussey na Mjapani mmoja aitwaye Muto wakatoa hesabu. Vinyama vilivyokuwa chini ya sentimita moja, kadiri ya punje ya mbaazi, katika kila 100 kimoja hivi tu kilikuwa na saratani ndani yake. Vya sentimita moja mpaka mbili, kadiri ya njugumawe, vilikuwa tisa au kumi katika 100. Vilivyozidi sentimita mbili, kama korosho iliyobanguliwa, vilikuwa 46 katika 100. Kwa maoni yetu, hesabu hizo tatu zilifanya kazi kubwa kuliko hoja zote zilizotangulia, maana hata asiyejua hadubini aweza kuzifahamu.

Hata hivyo Morson hakusema kwamba kila kinyama hugeuka, wala sisi hatusemi. Vingi hubaki vidogo mpaka mwenyewe afe kwa jambo lingine. Ushahidi mzuri wa hili ulitoka Marekani mwaka 1987. Madaktari wa hospitali ya Mayo walifungua madaftari ya wagonjwa 226 waliokuwa na kinyama cha sentimita moja au zaidi, kikaonekana kwa picha za eksirei katika miaka ambayo hapakuwa na njia rahisi ya kukitoa, kikaachwa. Baada ya miaka mitano, katika kila 100 wawili au watatu walikuwa wamepata saratani mahali pale pale pa kinyama; baada ya miaka kumi, wanane; baada ya miaka ishirini, 24. Kwa hiyo ni mwendo wa kobe, lakini kobe hufika.

Siku hizi twajua hata kasoro zenyewe. Mwaka 1988 Bert Vogelstein na wenzake mjini Baltimore walionyesha kwamba chembe za kinyama zimepotoka katika maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kiini, na kwamba kadiri kinyama kinavyokua ndivyo makosa yanavyoongezeka, moja baada ya jingine. Lile kosa la kwanza, la kutotii amri ya kuacha kugawanyika, mara nyingi limo katika sehemu moja ya maandishi iliyogunduliwa mwaka 1991, nayo ndiyo ile iliyoharibika tangu tumboni mwa mama katika zile koo za Lockhart-Mummery. Hivyo jamaa za daftari la 1924 na mzee wa kawaida mwenye kinyama kimoja wakaonekana kuwa wasafiri wa njia moja. Tofauti ni kwamba wale huzaliwa wakiwa wamekwisha kupiga hatua ya kwanza.

Jambo lililofanya elimu hii iwe dawa ni mpira. Zamani daktari aliweza kuona sentimita ishirini na tano hivi za mwisho wa utumbo kwa bomba la chuma lililonyooka. Mwaka 1969, mjini New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kutumia mpira mrefu wenye taa unaopinda na kufuata utumbo wote. Kwa kitanzi cha waya wenye umeme walikikata kinyama kwenye kikonyo chake bila kupasua tumbo. Na mwaka 1993 ikatolewa habari ya Wamarekani 1,418 waliotolewa vinyama kwa njia hiyo na kuangaliwa kwa miaka kadhaa. Saratani walizozipata zilikuwa chache mno kuliko zilizotazamiwa, zimepungua kwa robo tatu au zaidi. Kama Castleman angekuwa amesema kweli, kuvitoa vinyama kusingalipunguza kitu.

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Mbona wazee wetu hawakuupata ugonjwa huu? Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mtaalamu wa patholojia J. N. P. Davies alianzisha daftari la saratani mwaka 1951, na saratani ya utumbo ilikuwa chache ndani yake. Mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliliona jambo hilo pia. Huyu ndiye aliyesafiri kwa gari mwaka 1961 toka Uganda hata Afrika ya Kusini, mwendo wa kilomita 16,000 hivi, akiuliza katika hospitali zaidi ya 50 habari za uvimbe wa taya wa watoto. Baada ya kurudi Uingereza mwaka 1966, alizidi kuuliza kwa barua. Hospitali zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa za misheni za vijijini, zilimjibu mara kwa mara: mmeona saratani ya utumbo mwezi huu? Mmeona vinyama? Majibu yalikuwa karibu yote namna moja, hapana, au kimoja tu kwa miaka mingi.

Wengine watadharau ushahidi wa hospitali ndogo. Sisi hatudharau. Uwanda wa Makonde ulipopigwa na homa ya viungo mwaka 1952 na 1953, Daktari Marion Robinson aliiandika habari yake kwa uangalifu, na jina la Kimakonde walilolitumia wagonjwa, chikungunya, sasa hutamkwa na madaktari wa India na Brazili. Anayetazama kwa makini aona, hata akiwa mbali na mji.

Burkitt alidhani siri imo katika chakula. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa vipimo ambavyo vilichekesha watu kwanza. Wanavijiji wa Uganda walitoa choo cha gramu 470 hivi kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36. Mabaharia wa Kiingereza walitoa gramu 104, na chakula chao kilikaa saa 83. Wanavijiji walikula vyakula vyenye makapi, nafaka isiyokobolewa, maharage, mizizi na majani; mabaharia walikula mkate mweupe na nyama. Leo twajua zaidi: makapi yakifika utumbo mpana huliwa na vijidudu wema, nao hutoa asidi ambayo ni chakula cha ile ngozi yenye vishimo na huituliza. Mwaka 2015 ilitolewa habari ya watu 20 weusi wa Marekani na 20 wa vijijini Afrika ya Kusini waliobadilishana chakula kwa majuma mawili. Kabla ya kuanza walitazamwa kwa mpira. Karibu nusu ya Wamarekani walikuwa na vinyama, na Waafrika hata mmoja. Baada ya majuma mawili tu, alama za chembe kugawanyika mno zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika.

Lakini haki yatudai tuseme na upande wa pili. Huko Marekani watu zaidi ya 2,000 waliokwisha kutolewa vinyama waligawanywa, nusu wakapewa chakula chenye makapi mengi na mafuta kidogo. Matokeo yalitolewa mwaka 2000: baada ya miaka minne vinyama vilirudi kwa wote sawasawa. Huenda miaka minne ni michache kwa ugonjwa wa miaka kumi. Tena wazee wetu wengi walikufa kwa malaria na homa nyingine kabla ya kufika umri wa ugonjwa huu, na wengine walikufa majumbani bila kutazamwa. Kwa hiyo kusema kwamba ugali wa mtama peke yake uliwalinda ni kusema zaidi ya tunayoyajua. Tuwezalo kusema kwa uhakika ni kwamba nyama za viwandani, tumbaku, pombe na unene kupita kiasi vyote huongeza hatari, na kwamba vyote hivyo vyapatikana sasa hata katika miji midogo. Daftari la Kampala lenyewe limeonyesha saratani hii ikiongezeka. Na madaktari wa Afrika Mashariki wameona kwamba wagonjwa wao mara nyingi ni vijana kuliko wale wa Ulaya, basi mtu wa miaka 35 asidhani kwamba yeye hahusiki.

Afanye nini, basi, mtu aliyeona damu? Asinunue dawa ya bawasiri dukani akaitumia mwaka mzima. Aende hospitali, aseme bila haya ni damu ya rangi gani, imechanganyika na choo au yadondoka baada yake, na imeanza lini. Atapimwa choo kwa ajili ya minyoo, amiba na kichocho, vikionekana atatibiwa. Damu ikiendelea baada ya dawa, au choo kikibadilika kwa majuma mengi, au mwili ukikonda na damu kupungua bila sababu, na amwambie daktari tena, maana kuwa na kichocho hakumzuii mtu kuwa na kinyama. Daktari atamtia kidole, jambo lisilopendwa na mtu, lakini saratani nyingi za mwisho wa utumbo hushikwa kwa kidole hicho kabla ya chombo chochote. Ikihitajika kutazama kwa mpira, atapewa barua ya kwenda hospitali kubwa.

Na kipande kikikatwa, mgonjwa aulize kinapelekwa wapi na majibu yatarudi lini. Chupa iwe imeandikwa jina lake kamili na kijiji chake, maana akina Hamisi Hamisi ni wengi. Majibu huchukua majuma, na kidonda hupona mapema kuliko majibu kufika. Ndipo wengi hurudi shambani na kusahau, na karatasi hubaki ndani ya faili na neno lake halijasomwa. Kama katika karatasi hiyo mtaalamu ameandika kwamba kinyama kimetolewa chote na sakafu haijavunjwa, mgonjwa amepona, naye ataambiwa arudi kutazamwa baada ya miaka michache. Kama ameandika vingine, kila juma moja lina thamani.